Kifaru Kilichorudi Kinyumenyume

Kifaru cha vita kilizimika jangwani, ndani kabisa kwa adui, jua likiwa utosini. Vingine vilivyovuka nacho vilikuwa vimeshateketea. Kombora lilimuua kamanda, likanyamazisha redio, likakwamisha mzinga ukitazama mbele. Rejeta ya kupoza injini nayo ikatoboka.

Dereva aliziba tundu kwa sabuni na kitambaa. Likabaki dumu moja la maji.

“Shemeji, nipe hayo maji,” alisema mpigaji mzinga. Paja lake lilikuwa limefungwa mkanda, damu bado inachuruzika.

“Ukiyanywa tunalala hapa.”

“Nikiyakosa nalala vilevile.”

Dereva alimlowesha midomo, yaliyobaki akayamimina kwenye rejeta. Dada yake alimwambia siku ya kuagana: usinirudie bila mume wangu.

Injini ikaamka, ikikohoa. Walipofika mgongoni mwa kilima wakaona mahandaki ya wenzao. Dereva akakanyaga breki.

Jeshini mwao kifaru kinachotoka kwa adui hurudi mdomo wa mzinga ukitazama kilikotoka. Ukitazama mbele, hupigwa bila kuulizwa.

“Basi tumekwisha,” alisema mpigaji.

“Nitakigeuza chote. Tutaingia kinyumenyume.”

“Wewe? Hata mkokoteni ulikushinda.”

“Ndiyo maana wewe utaangalia.”

Alijifunga kamba kila mkono, ncha akampa shemeji yake aliyejiinua kwenye tundu la juu, akitazama nyuma. Kamba ya kulia, kulia. Ya kushoto, kushoto. Zote mbili, simama.

Kifaru kilipokwisha kugeuka, wakaanza kushuka. Kupitia kitundu chake dereva aliwaona maadui tu, mizinga yao ikitema moto, na mchanga ukiruka mbele yake. Anakokwenda hakukuona. Kulia. Kushoto kidogo. Halafu kamba zikalegea.

“Shemeji.”

Sabuni ilikuwa imeyeyuka, mvuke ukimchoma uso. Hakuthubutu kupinda. Akaendelea vivyo hivyo, roho mkononi, akiita na kuita.

Ghafla mikono yote miwili ikavutwa nyuma kwa nguvu. Akasimama. Minyororo ya kifaru ilikuwa ukingoni mwa handaki, na humo askari wenzao wamejikunyata, vichwa chini.

Waliwapandishia maji. Mpigaji, uso kama majivu, akanywa funda moja, akarudisha chupa.

“Mpelekeeni rejeta,” alisema. “Ndiye kipenzi cha shemeji yangu.”

Dereva hakucheka. Walipotaka kumfungua kamba alikataa. Mpigaji akalazwa kwenye machela, ikabebwa, ncha bado zikiwa kiganjani mwa shemeji yake, naye akaifuata nyuma akivutwa.