Nenosiri la Vaileth

Majibu ya vipimo vya wagonjwa arobaini na mmoja wa zahanati moja ya Boko yalizagaa kwenye simu za watu hata chai haijanywewa. Kumbukumbu za kompyuta ya maabara zilimtaja mwizi: Vaileth, karani wa mapokezi. Jina lake, nenosiri lake. Siku hiyohiyo akalala mahabusu.

Siku ya tatu, Mkaguzi Jovina Kamugisha alizisoma tena kumbukumbu zile. Asubuhi hiyo, Vaileth akiwa ndani na hana simu, jina lake lilikuwa limeingia maabara mara sitini. Jovina aliona aibu kwa haraka yake ya kumfungia mtu. Akamwita Adelard, mtaalamu wa kompyuta wa zahanati, aliyetengeneza programu ya kuwapelekea madaktari majibu ya maabara.

"Programu yako inachukuaje majibu maabara?"

"Inaomba yenyewe, afande. Kila ombi linabeba jina na nenosiri."

"La nani?"

Adelard aliangalia viatu vyake. "La Vaileth."

"Programu haina nenosiri lake yenyewe?"

"Lilihitaji barua ya mganga mfawidhi. Nikaazima la Vaileth, la kujaribia tu, siku mbili."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Siku mbili za mafundi wetu tunazijua.

"Nani mwingine alilipata?"

"Programu iligoma. Nikanakili ombi zima, nikalitupia kwenye grupu la wenzangu waniangalizie. Nenosiri lilikuwa humo, limegeuzwa herufi zisizosomeka."

"Kwa hiyo lilifichwa."

"Hapana, afande. Anayejua analirudisha kwa sekunde moja. Ule ni mlango uliorudishiwa tu, haujafungwa. Mwenzangu mmoja akaniandikia, 'Futa braza, umejianika.' Nikafuta."

Alichelewa. Kufikia adhuhuri alikuwa amekamatwa Praygod, mmoja wa wanagrupu, naye akakiri bila kusumbua: alisaka majibu ya mchumba wake, akayakuta, na kwa hasira akayamwaga yote.

Jovina akamrudia Adelard. "Mbona nenosiri hukulibadilisha?"

"Ingebidi nimweleze Vaileth kwa nini. Na mie ndiye niliyeendesha semina, nikawaambia watumishi wote nenosiri hapewi mtu, hata awe mganga." Machozi yakamtoka. "Niliona aibu, afande. Ni hilo tu."

Vaileth alitolewa mahabusu, kandambili mkononi. Adelard akapiga magoti mbele ya kaunta, watu wakimwangalia.

"Kaka Adelard, siku zote hizi ulikuwa unaniletea wali hapa. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mie nilikuwa nakuombea kwa Mungu," alisema Vaileth, akampita.