Bomu la Bluu

Mimi uongo sina haja nao, ya kweli tu yamenijaa hadi shingoni. Haya yalimkuta swahiba wangu, mtunza bohari ya mabomu ya ndege. Kule rangi ndiyo sheria: lenye mkanda wa njano lina baruti, la bluu ni la mazoezi, limejaa saruji tupu.

Asubuhi moja alitumwa kutoa la bluu. Akiwa ndani kabisa, umeme ukakatika. Akalipapasa gizani, akaligonga kwa utani, ngo, ngo.

Likamjibu kutoka ndani. Ngo, ngo.

Alimkimbilia mkuu wake. "Kaka, lile lina kitu. Na mdogo wangu leo yuko uwanja wa shabaha litakakodondoshwa, atasimama karibu kwa kuamini rangi."

"Bwana wee, umeanza lini kuogopa tofali?"

Mkuu aliingia na tochi, akaweka sikio, akalitoa upesi. Kisha akasema bila kumtazama, "Rangi ni bluu. Lipeleke."

Amri ni amri. Akalisukuma kwa toroli hadi kwenye ndege. Mafundi walipokuwa wakilifunga chini ya bawa, ndani ya ile saruji mtu akakohoa taratibu, kama anayesafisha koo kabla ya kusema.