Meseji ya Philip Iliyowekwa Kando

Ngendo anauza kuku wa nyama hapa Mugutha. Asubuhi anachinja, ananyonyoa, anapima. Katikati ya kazi hiyo simu inalia ting! ting! ting! bila huruma. Yeye ndiye admin wa grupu la majirani. Lina watu karibu elfu moja, na midomo yao yote.

Leo mmoja anauza ploti ambayo si yake. Mwingine anamtukana mwenye nyumba wake. Wa tatu ametuma picha ya mtoto aliyepotea. Ngendo aliiona picha hiyo hiyo mwaka jana. Ukipiga namba iliyo chini yake, unaambiwa utume pesa ya mafuta kwanza. Matapeli wakubwa!

"Weka hiyo simu chini," mume wake Muigai akasema. "Wateja wanangoja."

"Niweke chini halafu watu watapeliwe? Basi shika wewe."

Muigai hakushika. Hakuna mtu hata mmoja aliyetaka kushika.

Viola ni jirani yao wa mlango wa pili. Yeye hutengeneza programu za kompyuta akiwa nyumbani. Alikuja kununua kuku, akamkuta Ngendo akifuta meseji kwa vidole vyenye manyoya. Akacheka.

"Mama Kinuthia, mashine inaweza kukusaidia kuchuja."

"Mashine gani inajua matusi ya Mugutha?"

"Haijui. Tutaifundisha. Inaitwa akili bandia. Nitaionyesha meseji zile umefuta na zile umeacha. Ikiona mpya inayofanana na mbaya, itaiweka kando. Halafu wewe utaisoma uamue."

Viola akaijenga jioni, baada ya kazi yake. Siku ya kwanza tu ikamshika muuza ploti kabla mtu hajamjibu.

"Haiya!" Ngendo akasema. "Hii kitu iko na macho!"

"Lakini usiiache peke yake," Viola akamwonya. "Fungua mara kwa mara uone imeweka nini kando. Huwa inakosea, na haijui kama imekosea."

Mwanzoni Ngendo alifungua. Kila alichokuta kilikuwa takataka. Akaanza kufungua asubuhi na jioni. Halafu jioni tu. Kuku nao hawajichinji, jamani.

Jumamosi moja Mzee Zacharia akapotea. Huyu ni baba yake Philip, jirani anayefanya kazi katika kiwanda kimoja huko Ruiru. Philip alimleta kutoka kwao mbali, Vihiga, kwa sababu mzee ameanza kusahau. Siku zingine humwita Philip kwa jina la ndugu yake aliyefariki. Asubuhi hiyo mke wa Philip alitoka kuanika nguo. Aliporudi, geti lilikuwa wazi na mzee hayupo.

Philip akatuma picha kwenye grupu, pamoja na namba yake. "Baba yangu amepotea. Amevaa sweta ya kijani. Tafadhali nisaidieni."

Akangoja. Hakuna aliyejibu. Akatafuta kwenye steji ya matatu, akatafuta kanisani, akaangalia simu tena. Kimya. Watu elfu moja, na hakuna hata mmoja wa kusema pole! Mvua ikaanza kunyesha.

"Hawa watu hawatutaki," akamwambia mkewe. Alikuwa analia. "Sisi kwao ni wageni tu."

Mchana alienda kwa Ngendo mwenyewe, nguo zote zimelowa.

"Mama Kinuthia, tumewakosea nini?"

"Nani amekosea nani, Baba Mitchell?"

"Nimeandika baba amepotea. Tangu asubuhi."

"Mimi sijaona..." Ngendo akafungua pale meseji zinawekwa kando. Ilikuwa hapo, kati ya matangazo ya ploti. "Ngai! Woi, nisamehe." Akairuhusu iingie kwenye grupu papo hapo.

Philip hakuwa hata amekaa, simu yake ikalia. Alikuwa Kinyanjui, mkulima wa Murera.

"Huyo mzee alipita kwa geti yangu asubuhi. Nilidhani ni mgeni wa jirani. Ngojeni nimtafute."

Alimpata nyuma ya boma lake, chini ya mabati, akitetemeka kwa baridi. Hakuweza kusema jina lake. Alilazwa hospitalini kwa nimonia, na kwa bahati akapona. Daktari aliwaambia wazi kwamba mzee asingevumilia usiku kucha pale nje.

Ngendo alikasirika. "Viola, toa hiyo mashine yako!"

"Tulia kwanza. Meseji za watu waliopotea, ulifuta ngapi?"

"Zote! Si zilikuwa za uongo?"

"Zilikuwa za uongo. Na hatukuionyesha hata moja ya kweli. Kwa hivyo ilijifunza kwamba mtu akipotea, huo ni utapeli. Tulikosea sisi wawili. Mimi nilipaswa kukuuliza ulikuwa unafuta nini, na wewe ulipaswa kuwa unafungua."

Wakaketi kuifundisha upya. Safari hii walimwita Philip pia. Meseji yake ikawa mfano wa kwanza wa ukweli. Sasa mtu akiandika kwamba kuna aliyepotea au mgonjwa, mashine haifichi kimya kimya. Inampigia aliye kwenye zamu, na yeye anapiga ile namba ahakikishe. Mwenye kutuma naye anaambiwa: "Meseji yako inasubiri kusomwa na mtu."

"Nani atashika zamu?" Viola akauliza.

"Mimi jioni," Ngendo akasema. Akamgeukia Philip. "Na wewe, kama utakubali."

"Nipeni asubuhi," Philip akasema.

Miezi michache baadaye, akiwa kwenye mapumziko ya chai kiwandani, simu yake ililia. Ilikuwa picha ya mtoto, na namba asiyoijua. Akapiga. Mama mmoja akashika, akilia hata jina lake halisikiki. Nyuma yake watu walikuwa wanamwita mtoto.

Philip akaruhusu meseji. Chini yake akaandika mwenyewe: "Nimeongea na mama yake. Ni kweli. Tokeni nje mtafute."

Wakatoka. Wengine walikuwa bado na ndala za bafuni. Mtoto alipatikana nyuma ya kinu cha kusaga unga, amelala usingizi juu ya magunia.