Aliyejibu Kabla ya Bwana Harusi

Isa alirudi kutoka kazini saa tisa mchana, akazikuta ndara zake nje ya mlango. Hazikutupwa. Zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye zulia la korido, pua zikitazama ngazi, kama za mgeni aliyekwisha kula na kunywa kahawa, na wenyeji sasa wanamngoja aage.

Akacheka. Isa alikuwa mtu wa kucheka hata penye msiba. Watu wa aina hiyo tunajuana, na wake zetu wanatujua zaidi. Akaziokota, akafungua mlango, akaita, "Raisa! Wanifukuza kwa adabu hivi, nimekosa nini?"

Raisa alikuwa amelala. Alifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo mchana ndio uliokuwa usiku wake. Akafunua shuka usoni. "Ndara gani? Mimi tangu saa mbili sijashuka kitandani."

"Basi zimekwenda zenyewe kutafuta joto."

Utani ukaishia hapo, kwa sababu pua ya Isa ilikuwa imenasa kitu. Chumba kilinuka bahari. Nje, barabara ya University ilikuwa nyeupe kwa theluji, baridi ya kukausha mate mdomoni, na kutoka Saint Paul, katikati ya Marekani, hadi maji ya chumvi yaliyo karibu ni safari ya siku mbili kwa gari. Lakini chumba kilinuka mwani ulioachwa juani, na kioo cha dirisha kilikuwa kikitoka jasho.

"Ni masanduku," Raisa alisema, akageukia ukutani. "Hatujafua nguo za Jamaika."

Walikuwa na siku tisa tangu warudi Jamaika, walikokwenda kuoana. Ukioa katika Wapwani wa miji hii miwili, unaoa na kamati: mashangazi wa Minneapolis wanataka ukumbi huu, wajomba wa Saint Paul wanataka ule, na wageni mia sita wanakuja na maoni yao kuhusu biriani. Raisa na Isa wakawakimbia wote. Wakaenda kwenye hoteli ya ufukweni, zile za kulipa mara moja, ukavishwa ukanda wa plastiki mkononi, kisha ni kula na kunywa mpaka uone haya, jambo ambalo kwa baadhi yetu huchukua siku nne.

Babake Raisa, Mzee Abdulghani, ambaye ndiye walii, alikuwa Mombasa. Wakakubaliana amwozeshe binti yake kwa simu, sauti ikiwa wazi ili mashahidi wasikie. Sheikh mmoja wa Minneapolis aliwaambia ndoa ya simu ina maneno. Wakatafuta sheikh asiyeona maneno, na hao hawakosekani. Mashahidi wakawa rafiki wawili wa Isa wa kazini, na binamu yake Raisa akapiga video. Ndoa ilifungwa alasiri, ukingoni kabisa mwa maji, mawimbi yakiwalamba vifundo vya miguu.

Wote walirudi wamenona na pua zimebabuka. Isa alirudi na jambo moja zaidi, ambalo hakumwambia mtu.

Kesho yake ndara zilikuwa nje tena. Safari hii hakuita. Alivua buti la theluji polepole, na buti la pili bado liko mguuni akamsikia mkewe chumbani akisema, "Labeka."

Labeka ni itikio la bibi zetu, waliowaitikia waume zao hivyo huku wameinamisha kichwa. Raisa ukimwita huitikia "Nini?" na ukirudia, "Nini tena?"

"Labeka, bwana," alisema tena, kwa sauti laini ambayo Isa hakuwahi kupewa.

Akaenda akasimama mlangoni pa chumba. "Leo nimepanda cheo?"

Raisa akafumbua macho. Akamtazama, kisha akatazama upande wa pili wa kitanda, ambako mto ulikuwa umebonyea na bado unainuka taratibu, kama wa mtu aliyeondoka sasa hivi. "Si wewe uliyeniita? Mara tatu."

"Mimi nimeingia sasa hivi. Tazama, buti moja."

"Isa, usinichezee."

"Wallahi sichezi."

Wakaanza kunong'ona, nyumbani kwao wenyewe, jua likiwaka juu ya theluji. Raisa akamwambia alilokuwa akilificha. Kazini ana mwenzake, Joyeuse, Mkongo, mwanamke wa kanisa asiye na maneno mengi. Tangu Raisa arudi, Joyeuse hakai naye meza moja wakati wa mapumziko. Jana alimvuta kando ya mashine ya kahawa akamuuliza, "Dada, pardon, ule mutu anakusimamaka nyuma ni nani? Maji iko namutoka."

"Ukamjibu nini?"

"Nikacheka," Raisa akasema. "Nimejifunza kwako."

Siku ya tatu Isa aliomba ruhusa, akaondoka mapema huko Golden Valley anakolinda majengo ya ofisi, akafika nyumbani saa saba. Sebuleni kochi lilikuwa limetandikwa. Kulikuwa na mto, na blanketi, na juu ya blanketi taulo lililokunjwa umbo la ndege mwenye shingo ndefu, vile vile wahudumu wa ile hoteli walivyokuwa wakikunja kila asubuhi. Taulo lilikuwa limeloa. Alikuwa ametandikiwa mahali pa mgeni. Akaenda kwenye mlango wa chumba chake cha kulala akakuta umefungwa, akaugusa akaona ni wa joto kama ubavu wa ng'ombe, akatia sikio akasikia mawimbi yakija na kurudi, yakija na kurudi, na katikati ya mawimbi mwanamume akiimba kwa sauti ya chini, bila haraka, kama mtu anayembembeleza wake alale, na Isa akataka kugonga lakini mkono haukuinuka, kwa sababu moyoni mwake, pale ambapo utani haufiki, kulikuwa na kitu kilichomwambia kwamba yeye ndiye aliyekuja kwenye nyumba ya watu.

Raisa alipoamka jioni, Isa alimketisha kwenye meza ya jikoni. "Ile video," alisema. "Tuitazame."

"Tumeshaitazama mara kumi."

"Tumetazama picha. Leo tusikilize."

Kwenye simu, Raisa alikuwa na shela la kijani, anacheka. Sauti ya Mzee Abdulghani ilitoka Mombasa imekwaruzwa na umbali, na haraka ya mtu anayeogopa laini ikatike. Alimuuliza binti yake kama ameridhia. Raisa akasema ameridhia. Kisha mzee, bila kutaja jina la mtu, akasema, "Nimekuozesha wewe binti yangu Raisa, kwa mahari tuliyokubaliana."

Hapo Isa wa kwenye video aliinua kidole, akageukia kamera. "Ngoja kidogo, baba mkwe, hapa kila kitu bure, kwanza niagize juisi ya kunisukumia neno!" Mashahidi wakaangua kicheko. Na ndani ya kicheko hicho, karibu sana na simu, sauti ya mwanamume, ya chini, isiyo na haraka, ikasema:

"Nimekubali kumuoa Raisa binti Abdulghani kwa mahari hayo."

"Alhamdulillahi," mzee akasema Mombasa.

"Tumeshuhudia," wakasema mashahidi.

Raisa aliizima simu. "Ile si sauti yako."

"Najua."

"Wewe ulijibu lini?"

Isa akatazama mikono yake. "Nilipogeuka, watu walikuwa washanikumbatia. Nikadhani mzee amesikia mwangwi. Nikaona haya kumrudisha nyuma kwa ajili ya mzaha wangu."

"Kwa hivyo hukujibu."

"Sikujibu."

Raisa hakulia wala hakupiga kelele. Alisogeza kiti chake mbali kidogo na cha Isa, kama mwanamke anavyofanya basini akikaliwa na asiyemjua.

Bi Arafa, waliyemwita usiku ule ule, alikuja kesho yake saa nane mchana kutoka Maplewood, moja kwa moja kutoka kwenye chumba cha kufulia shuka za hospitali, bado amevaa sare. Alikuwa mwanamke wa Lamu, mjane wa karani wa kadhi, na mashehe wa mjini walimpelekea watu ambao wao wenyewe hawakutaka kuwagusa. Kwanza aliivisha kengele ya moshi kofia ya plastiki ya kuogea. "Ubani Marekani ni kesi," alisema. "Nimeshatoa jini mtaa wa Frogtown, wakaja wazima moto wanane." Kisha akakifukiza chumba, akamketisha Raisa kwenye kochi, akasoma. Hakusoma sana. Raisa aliinua uso, na sauti ile ikatoka kinywani mwake.

"Asalaam alaykum, mama."

Bi Arafa akaitikia, kwa sababu salamu ni deni hata kwa jini. "Wataka nini kwa binti wa watu?"

"Mimi sitaki. Nimepewa. Walii alitoa, mke aliridhia, mashahidi wameshuhudia. Huyu kijana analala kwenye kitanda cha mke wangu na hajavunjwa hata jino. Nani mstaarabu kati yetu?"

"Hakuna ndoa ya jini na binadamu."

"Vyema," ikasema sauti, kwa upole. "Kama si ndoa, basi mimi si mume, ni mwizi. Na mwizi hafungwi na sheria yoyote. Chagua, mama. Mwataka kuzungumza na mume au na mwizi?"

Bi Arafa akaweka chetezo cha ubani sakafuni. Mwishowe mama akasema, "Na mume."

"Mume ana hisani. Nitamwacha. Lakini kijana aniombe mwenyewe, kwa ulimi wake ule uliochelewa."

Bi Arafa akamvuta Isa kwa ukosi wa shati, midomo yake karibu na sikio. "Mwombe talaka tatu. Wanisikia? Si talaka tu. Tatu. Ulitaje neno lenyewe, 'tatu', taratibu, usikurupuke."

"Tatu," Isa akanong'ona.

Akapiga magoti mbele ya kochi. Wakati huo maji yalianza kumtoka Raisa pembeni mwa mdomo, kwanza tone, kisha uzi, kisha yakammwagika kifuani na mapajani na kwenye zulia, maji ya chumvi yenye mchanga, na macho yake yalikuwa yake mwenyewe, yamemtoka, yanamtazama Isa, yanajua kila kitu, na mikono yake ikakamata shingo, na kucha zake zikageuka rangi ya samawati, na Bi Arafa akawa anasema "taratibu, mwanangu, taratibu," na Isa, ambaye siku ile ufukweni alipata wakati wote wa dunia akautia kwenye mzaha, sasa hakupata hata wa kuvuta pumzi.

"Mwache!" akapiga kelele. "Muache! Mwache sasa hivi!"

"Nimemwacha," ikasema sauti.

Maji yakakatika. Raisa akakohoa, akavuta pumzi ndefu, akamwangukia Isa begani, wa joto, mzito, wake. "Isa," alisema, kwa sauti yake. Isa alimkumbatia akacheka na kulia pamoja, akageuka amshukuru Bi Arafa. Bi Arafa alikuwa amekaa sakafuni, mikono kichwani.

"Kuna nini, mama? Si ameacha?"

"Ameacha moja."

"Moja haitoshi?"

"Talaka moja ni ya rejea. Mke hukaa eda, na katika eda mume akimtaka humrudia, bila walii, bila shahidi, bila kumuuliza mtu." Akashusha mikono. "Isipokuwa kama hajamgusa. Asipoguswa, hakuna eda." Akamgeukia Raisa, na sauti yake ikawa ndogo kabisa. "Hakukugusa, sivyo, mwanangu?"

Raisa alijitoa begani kwa Isa.

"Wajua wewe warudi saa tisa," alimwambia Isa. "Nikisikia mtu kitandani kabla ya hapo, nilisema umerudi mapema. Nilidhani ni wewe."

Juu darini, kengele ya moshi iliwaka taa yake nyekundu ndani ya kofia.

"Basi atakaa eda hapa," Isa akasema hatimaye. "Miezi mitatu. Nitamlinda mimi. Sitakwenda kazini."

"Mke wa rejea hukaa eda nyumbani kwa mumewe," Bi Arafa akajibu, bila kumtazama. "Hapa si kwa mumewe; kwake ni kwenye maji."

Raisa akasimama. Hakuvutwa, wala macho hayakumgeuka. Alijitanda mtandio, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele kidogo, kama anayeshikwa mkono kuvushwa mahali penye utelezi, akatembea mpaka bafuni, bafu dogo lisilo na dirisha, akaingia. Isa alimrukia. Mlango ulifungwa mbele ya vidole vyake.

Akaupiga kwa ngumi, kwa bega, kwa kiti. Ulikuwa mlango wa mbao nyepesi ambao mtoto angeuvunja, nao haukutikisika.

"Kijana," sauti ikasema kutoka ndani, kwa upole ule ule. "Mwanamke aliye edani haingiliwi na mwanamume wa kando."

"Raisa!" Isa akalia. "Raisa, nijibu!"

Bi Arafa alikuwa ameshavaa koti lake, anafunga vifungo. "Miezi mitatu," alisema. "Asipomrejea ndani ya miezi mitatu, yuko huru. Omba asimrejee. Sina dawa nyingine."

Isa akaweka sikio kwenye mlango. Mawimbi yalikuwa yakija na kurudi. Sauti ya mwanamume ilisema jambo, chini kwa chini, neno moja au mawili, kama anayeomba kumrejea, na baada yake kukawa na kimya cha mtu anayefikiri.

Kisha Raisa akacheka. Kilikuwa kicheko chake mwenyewe, kile cha kwenye video, na hakikuwa na hofu ndani yake.