Mwaridi Uliokunywa Maji ya Maha

Hadithi hii siipendi, na aliyenilazimisha kuisema ni mjukuu wangu Wafaa. Juzi kaniletea mche wa mwaridi kutoka Kiembe Samaki. Ule wa zamani, wa maua madogo, unaonukia nyumba nzima. Anataka kuupanda uani. Nikamwambia hapandi. "Kwa nini, Bibi?" Kwa nini, kwa nini, kama kasuku! Basi nasema mara moja tu.

Uani petu hapa Kikwajuni palikuwa na mwaridi kama huo. Dadaake Wafaa, Maha, ambaye Wafaa hakumdiriki, ndiye aliyeupenda. Kila Ijumaa nikimsuka alichuma ua la kutia nyweleni, huku akilalamika: "Bibi, unaniumiza." Kichwa chororo, mdomo hodari.

Akafa kwa homa. Miaka tisa.

Mimi ndiye muosha maiti wa mtaa huu. Nikamwosha mwenyewe. Maji ya maiti hushukia ufuoni, shimo tunalolichimba uani chini ya kitanda cha kuoshea, na humo humo yakafukiwa. Hayendi pengine. Nalijua hilo kuliko jina langu.

Mamaake, mwanangu Hamda, akanishika mkono. "Mama, nipe kata moja tu ya maji hayo. Nkautilie mwaridi. Nibaki na kitu chake."

Nikampa. Msinitolee macho.

Mwaridi ulikuwa umenyauka tangu mtoto alipoanza kuumwa. Baada ya wiki mbili ukajaa maua. Hamda naye akaanza kunyauka. Hali, halali. Kila magharibi yuko uani kapiga magoti, anaunong'oneza, mikono mikwaruzo mitupu. Nikasema: nshamzika mmoja, na huyu namwona anakwenda.

Siku ya arubaini nikatoka kuchuma mawaridi ya hitima. Adhana ya magharibi ilikuwa haijesha. Hamda nimemwacha ndani. Nikainama, nikanusa ua…

Si waridi.

Kafuri. Kafuri ya maiti na mafuta ya nazi. Mafuta ya kichwa cha Maha.

Ulimi ukaniponyoka. "Maha?"

"Naam, Bibi."

Ndani ya kichaka. Chini, karibu na shina. Upepo hakuna, na majani yanatikisika…

Nikalishika shina kwa mikono mitupu. Hamda akatoka mbio.

"Mama, usimng'oe! Mwanangu huyo!"

"Mwanao yuko kaburini. Na wewe unamfuata. Kaa kando!"

Nikavuta. Miba ikazama viganjani.

"Bibi… unaniumiza."

Sauti ile ile ya Ijumaa.

Nikavuta.

Ukatoka. Mizizi yake ilikuwa myembamba, myeusi, imesukwa. Njia tatu. Mkono wangu mimi, mpaka kile kifundo ninachofungia mwisho. Nikaufukua ufuo, nikaufukia mwaridi pale, nikausomea Fatiha huku damu inanichuruzika. Hamda kalala chini anaikumbatia ardhi, na mimi sikumwinua.

Siku ya tatu akanywa uji. Mwaka uliofuata akamzaa Wafaa.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema shetani alikuwa akituchezea. Hamda mpaka leo anasema alikuwa mwanawe, na mimi ndiye niliyemuua mara ya pili. Mimi sijui, wala sitaki kujulishwa. Najua aliyetoa ile kata ya maji.

Tangu magharibi ile sisikii harufu. Udi, kafuri, samaki aliyeoza, kwangu vyote sawa. Wali unaungua mbele yangu, wanacheka. Wacha wacheke. Lakini kanga aliyokuwa akijifunika Maha ninayo sandukuni, haijaoshwa, na kila nikiitia usoni ni kitambaa tu.

Jana nimemwita Wafaa, nikampa. "Ninusie. Bado ananukia?"

"Naam, Bibi."

Kajibu kabla hajaifikisha puani.