Kibuyu cha Marehemu Olinto

Hata kuisimulia hadithi hii kunanichefua, lakini rafiki yangu Etcheverry si mwongo. Adhuhuri moja hapa Montevideo, alishuka kwenye chumba chetu cha seva, kisicho na dirisha, kubadilisha kipande kikuukuu cha msimbo kinachohifadhi data katika programu yetu huria. Aliyekiandika, mwenzetu marehemu Olinto, aliacha kibuyu chake cha yerba, chai ya majani tunayoifyonza kwa mrija, juu ya seva, mrija ukielekea ukutani. Hakuna aliyekiosha. Kiliota ukungu kama manyoya ya paka aliyeoza.

"Umeshaling'oa hilo dude?" mwenzetu Graciela aliuliza kutoka ghorofani.

"Nalifuta sasa. Phu! Kazi ya mzee wenu inanuka kama kibuyu chake!"

"Koma wewe, mwache marehemu!"

Akafuta. Umeme ukakatika, feni zikanyamaza. Gizani akasikia mtu akifyonza kwa mrija, taratibu, mpaka ule mkoromo wa mwisho wa kibuyu kinachokauka.

"Graciela?"

"Nakuja na tochi!" alijibu, bado yuko juu.

Umeme ukarudi. Kwetu, anayekukaribisha yerba hukijaza kibuyu upya, kisha hukugeuzia mrija. Kibuyu kilikuwa kimejaa, kinafuka mvuke, ukungu ukielea. Mrija ulikuwa umemwelekea Etcheverry, nchani ukidondosha mate.