Saa za Nyumbani

Chombo kutoka Mwezini kilipotua Tanga asubuhi ile, abiria mia mbili walitazama mikono yao kwa pamoja. Vitajasaa vyao, vile vya mkononi vinavyotaja jina la saa za mahali mvaaji alipo, vilikwisha kufuta maneno "Saa za Shwari" na kuandika "Saa za Tanga", kila mtu kwa lugha yake, kabla hata mlango haujafunguliwa.

Aliyeyatunga majina hayo ni Mhandisi Mwanakheri, mkuu wa jedwali la majina ya saa. Kabla yake, saa za Mwezini zilionyeshwa kwa tarakimu tupu za kujumlisha na kutoa, na watu wa mji wa Shwari walinung'unika kwamba wanaishi ndani ya hesabu. Yeye akawapa jina. Kisha, miaka mitatu iliyopita, akaongeza jambo lililompatia sifa kubwa zaidi. Kitajasaa kilipima mapigo ya moyo wa mvaaji usingizini, na pale moyo ulipotulia kuliko kwingine kote, saa za hapo hazikuitwa tena kwa jina la mji. Ziliitwa "Saa za Nyumbani", na zilimfuata mvaaji kila aendako, kwenye mstari wa juu. Watu walilia kwa furaha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku ile nani alikuwa na muda wa methali?

Rubani wa chombo hicho alikuwa Badi, mumewe. Badi alikuwa na wake wawili, Mwanakheri hapa Tanga na Ziada kule Shwari, na zamu aliigawa kwa haki: siku kumi na nne huku, kumi na nne kule. Mwanakheri alizihesabu mwenyewe, na hakuwahi kupunjwa hata moja.

Badi alipoingia kuoga aliacha kitajasaa juu ya meza ya chai. Mwanakheri hakuwa na nia ya kuchungulia. Ndivyo alivyojiambia huku akikivuta karibu. Mstari wa juu uliandika: Saa za Nyumbani, saa tisa na robo. Wa chini: Saa za Tanga, saa mbili kasorobo.

Loh! Miaka ishirini na mbili ya kumpikia, kumsubiri na kumuuguza, halafu nyumbani kwake ni ndani ya kopo la bati huko Mwezini, kwa kisichana kisichojua hata kukuna nazi!

"Mume wangu," alimwuliza alipotoka, "hapa kwangu unalala vizuri?"

"Nalala, mama. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Badi alikivaa kitajasaa upesi, akashusha mkono wa kanzu juu yake. Akasifu chai.

Ofisini, Mwanakheri alilifungua jedwali. Palikuwa na njia ya kurekebisha kwa mkono, iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa ambao mapigo ya mioyo yao hayaaminiki. Akatafuta jina la Badi, na kwenye nafasi ya nyumbani akaandika Tanga. Jedwali likauliza: Sababu ya marekebisho? Akajibu: "Hitilafu ndogo." Akaidhinisha. Mchana huo alikula sahani mbili za wali.

Siku ya pili ya zamu ya Shwari, Ziada alipiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kulikoni?"

Sauti ilichukua sekunde tatu kwenda na kurudi, na iliporudi ilikuwa na kilio. "Miaka mitatu nakuonea wivu, dada, leo nasema. Wewe una ujana wake wote, una watoto wake, hata majina ya saa tunazotazama huku ni yako. Mimi nilikuwa na neno moja tu pale mkononi mwake. Limehamia kwako. Nimefunga begi, naomba talaka yangu."

Furaha ilimpanda Mwanakheri. Aibu nayo ilikuja, lakini furaha ilitangulia. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kumpoza ndipo akamsikia Badi, kutoka chumba cha pili kule, akiita kwa sauti ya kicheko ambayo hapa Tanga haikusikika siku nyingi.

"Ziada! Hebu njoo uitazame saa hii, mke wangu. Imeharibika. Eti inasema nyumbani ni Tanga!"

Sekunde tatu zilipita.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia. Fungua begi, mdogo wangu. Saa haikuharibika. Niliandika mimi, kwa mkono wangu huu."

Angetukanwa, angeweza kujibu. Ziada alisema tu, "Pole, dada," na akakata simu taratibu.

Mwanakheri alilifungua jedwali, akaitafuta ile Tanga yake, akaifuta. Sababu ya marekebisho? likauliza, kama kawaida yake.

Aliandika, "Wivu." Akaidhinisha.